Onyo Nililokataa Kulizima

Kila siku saa nne asubuhi, seva ya zahanati yetu pale Katesh hunakili kumbukumbu za wagonjwa na kuzifunga kwenye faili moja la akiba. Saa hiyo mapokezi yamejaa watu walioshuka basi la Mogitu, lakini jenereta huzimwa jioni, kwa hiyo haiwezekani kunakili usiku watu wakiwa hawapo. Fundi wa kompyuta aliyenitangulia alikuwa amelificha onyo moja la seva. Mimi nililirudisha, na likaanza kutokea kila siku: faili limebadilika wakati linasomwa, yaani mapokezi wanaandika wagonjwa wapya humo humo seva ikinakili.

Mwenye zahanati, mtu wa rika la baba yangu, akaniita.

"Binti, lizime. Mwenzako alilizima na ripoti ikatoka safi."

Nilikuwa nimeshampa shikamoo yake. "Silizimi, mzee."

Nikafungua akiba ya jana mbele yake. Orodha ya wagonjwa ikagoma kufunguka. Ya juzi nayo ikagoma. Hiyo ndiyo ripoti yake safi!

Nyumbani baba huhesabu ng'ombe geti la zizi likishafungwa. Ukihesabu huku wanaingia na kutoka, unajidanganya mwenyewe. Nikamwambia mzee kwamba kuanzia kesho mapokezi yatasimama dakika kumi, akiba ichukuliwe.

"Watu watalalamika."

"Waje kwangu."

Sasa hapo kazini naitwa mkaidi. Sawa tu. Shikamoo yake mzee ataipata kila asubuhi, kwa heshima zote. Ukimya wangu hataupata.