Mstari wa Mkonge wa Gitothua

"Mstari hauna ndugu." Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea Ephantus Kagwe alipofanywa mnyapara wa ploti hapa Gitothua, mwaka wa 1957. Aliirudia mara nyingi hata watoto wakaifanya wimbo wa kumcheka.

Mstari wenyewe ulikuwa safu ya mkonge kando ya barabara ya Ruiru kwenda Thika. Kati ya mkonge na lami hapakuruhusiwa nyumba wala kibanda. Nyuma ya mkonge, ramani ya serikali ilikuwa imegawa ardhi: hapa maduka ya mawe, kule nyumba za kulala, pale soko. Mwanzoni hakuna aliyeijali ramani hiyo. Ploti zilikuwa nyasi na vigingi tu. Kisha Hali ya Hatari ikapungua, vibali vya kusafiri vikalegezwa, basi la Thika likaanza kusimama penye mtaro, kati ya mkonge na lami, na vyumba vya kupanga vikaota kila upande. Wafanyakazi wa viwanda waliona heri walale Gitothua na kupanda basi asubuhi. Kila msafiri alitaka uji au ndizi, na kila mchuuzi alitaka kuuza pale pale basi liliposimama, yaani mahali palipokatazwa.

Kagwe aliwaondoa. Sitamnyima haki yake: hakula rushwa, hata kuku wa mtu. Muthoka, fundi wa viatu, alimwomba kwa machozi, lakini Kagwe akang'oa nguzo za kibanda chake huku akisema, "Mstari hauna ndugu."

Lakini mtu mmoja alibaki. Alikuwa mjane aliyeuza uji chini ya magunia manne, jina lake Waithira. Ndiye aliyemzaa Kagwe. Kila asubuhi mnyapara alipita pale akitazama upande wa pili wa barabara, kana kwamba kuna kitu huko.

"Mnyapara," Muthoka alimwambia mbele ya watu, "huu mkonge wako mbona umepinda hapa kwenye uji?"

Watu walicheka. Jioni hiyo Kagwe alimwendea mama yake.

"Mama, ondoka kabla ofisa wa serikali hajaja kukagua mstari."

"Niende wapi, Baba? Basi linasimama hapa. Wewe lisogeze, mimi nitalifuata."

Alimwita Baba, na hilo lina maana yake. Kwetu Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume, na mke mwenye heshima hatamki jina la mkwewe. Kwa hiyo Waithira hakuwahi kulitamka jina Kagwe. Tangu mtoto akiwa mgongoni alimwita Baba, na hata alipomkemea alimkemea kwa jina hilo.

Ofisa alikuja siku ya Jumatatu, wakati watu wamejaa wakingoja basi. Alikuwa Mzungu wa Kiswahili cha shambani, si mtu mbaya.

"Kagwe, mama hii ni nani? Mimi nasikia ni mtu yako. Kama ni mama yako, sema tu. Mimi hapana kali kwa mama mzee. Yeye nakaa hapa wiki moja, halafu mimi napatia yeye meza kule sokoni."

Neno moja la kweli lingetosha. Mstari ungebaki mstari, na mama angepata mahali pake. Kagwe aliwatazama watu. Muthoka alikuwa katikati yao, mikono kifuani, akitabasamu. Kagwe aliogopa tabasamu hilo kuliko alivyomwogopa Mungu wake.

"Hapana, bwana," alisema. "Simjui. Ni mama wa uji tu."

Odhiambo, kijana wa kiwandani kutoka upande wa Kisumu, alikuwa na kikombe mdomoni. Alikishusha. "Wewe Kagwe! Humjui, na pua ni hiyo hiyo?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Hata Muthoka aliinamisha kichwa.

"Basi, toa," ofisa alisema.

Kagwe aling'oa nguzo kwa mikono yake mwenyewe, na mwiko wa uji ukaanguka miguuni pake. Waithira hakulia. Alimngoja Odhiambo amalize uji, akakifuta kikombe kwa pindo la leso, kisha akamgeukia mnyapara.

"Bwana Kagwe, umekanyaga mwiko wangu."

Wanawake waliokuwa pale walishika vinywa vyao waliposikia jina hilo likitoka kwake.

Basi lilisogezwa baadaye likawa linasimama mbele ya maduka ya mawe, kama ramani ilivyotaka, na Gitothua ikakua kwa upande huo. Meza za soko zilijaa. Pale palipokuwa na uji pakaota nyasi. Waithira alikwenda kukaa kwa binti yake Wamboi, Ngoliba, sehemu kame ambako basi halikufika.

Kagwe alimfuata huko kwa miguu, vumbi hadi magotini. Alikuwa amemwombea meza sokoni, akapewa. Mama alimpa kigoda, akampa maji, akampakulia githeri ya mahindi na maharagwe.

"Mama, rudi nyumbani," Kagwe alisema. "Meza ipo. Basi linasimama mbele yake kabisa."

"Wanaouza sokoni ni watu wanaojulikana, Bwana Kagwe. Kula, chakula kitapoa."

Alikula akiwa ameinama, na machozi yakaingia sahanini.

Wako watu hapa wanaosema kosa lilikuwa la mkonge, au la basi, au la ramani. Ni uongo. Mji hauwezi kukua bila mstari, na Kagwe alikuwa na haki ya kuking'oa kile kibanda cha magunia. Hakuwa na haki ya kumkana aliyekaa chini yake. Sisi tuliosimama pale tukingoja basi tulijua ukweli. Mgeni mmoja tu ndiye aliyefungua kinywa. Aibu hiyo ni yetu pia.

Waithira alifia Ngoliba mwaka wa 1959. Kagwe alimtembelea mara nyingi kabla ya hapo, na kila mara alipokewa vizuri, akapewa kigoda na chakula. Mama yake hakumwita Baba tena.