Jina Alilopewa Mama Zaina

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, mwanangu, nikiwa kijana mwenye daftari na kiburi kidogo. Treni ilikuwa haifiki tena, na mji wetu wa Kindu ulikula kile wanawake walichobeba mgongoni. Mama Zaina, Mwislamu wa mtaa wa Mikelenge, alikwenda hadi kijiji cha Tunda kwa miguu pamoja na wenzake wa msikitini na wa kanisani, kuwatafutia wagonjwa wa hospitali mchele. Mara mbili askari waliwanyang'anya njiani. Mara ya tatu walipita.

Niliiandika habari hiyo kwa ajili ya redio, pamoja na jina la kamanda wa askari hao, nikaenda kumsomea uani kwake. Alikuwa akipepeta mchele, wala hakuinua kichwa.

"Kamanda umemuandika jina yake, ya baba yake na ya babu yake," alisema. "Mie umeniandika mama ya Zaina. Nikikufa, mutazika Zaina?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikafunga daftari. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na ni heshima. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwaka huu vijana wa mtaa wetu wameiandikia serikali barua, wakiomba sarafu zenye sura za wanawake walioibeba nchi hii. Walikwisha kuandika mtawa mmoja aliyefundisha katika mji wa Kama, na mkulima wa Kibombo. Nikasimama mkutanoni mwao, nikasimulia habari ya mchele. Binti aliyeshika kalamu akauliza, "Jina yake nani, papa?"

"Mama Zaina."

"Ile njo jina ya binti yake. Yeye mwenyewe?"

Sikuwa nalo. Na barua ingeondoka kesho yake.

Nikajikokota hadi Mikelenge. Zaina, sasa naye ni bibi, alinimiminia kahawa kabla sijaeleza.

"Mama alisema utarudi kuuliza," aliniambia. "Hakusema utakawia hivi. Aliitwa Mwamini binti Ramazani. Andika."

Nikaandika. Barua ikaondoka na jina hilo.

Mwanangu, sarafu itakuja mapema au itachelewa. Hilo liko mikononi mwa wakubwa. Jina liko mikononi mwako. Leo hii muulize bibi yako jina alilopewa na wazazi wake, uliandike. Mcheza kwao hutunzwa, lakini asiyejulikana jina atatunzwa vipi? Mungu akupe masikio ungali kijana, na siku yako ikifika, uitwe kwa jina lako.