Udongo wa Alfajiri

Harufu ya udongo mkavu hunirudisha uani kwetu Mji wa Kale, likizo ile ambayo Bibi, mama yake mama, alikuwa akijiandaa kwenda Umra. Aliuchota kwenye chungu cha asumini, akauanika juu ya uteo, akauchekecha mpaka ukawa laini kama unga wa ngano, kisha akautia katika kifuko alichokishona kwa kipande cha leso. Ndege ya kutoka Nairobi ingeruka usiku na kutua Jidda jua likiwa limeshachomoza, kwa hiyo Alfajiri ingeingia na kutoka tukiwa angani. Sala nyingine msafiri huziunganisha. Alfajiri haina mwenzake. Bibi hakuwahi kuikosa, na alikuwa amesikia kwamba maji ya ndegeni hayatoshi watu kutawadha. Basi angetayamamu: angepiga viganja kwenye udongo ule, apanguse uso na mikono.

Jioni watu wazima walikaa barazani kubishana. Msemaji mkuu alikuwa Mjomba Athmani, ambaye angetusindikiza, mimi na Bibi. Alisema Bibi asali kitini kwa ishara, kisha airudie akifika.

"Sasa Mungu ataipokea ipi?" Bibi aliuliza.

"We zisali zote mbili, mama. Hukumu ndiyo hiyo."

Nikadakia: "Kama ya kwanza inapokelewa, ya pili ya nini? Na kama haipokelewi, mbona aisali?"

"Mwana huyu ana maneno!" Mjomba akasema. "Hebu nenda kamsaidie mamako kusukuma mahamri."

Wote wakacheka. Mimi nikaenda jikoni na swali langu, na hasira niliyokwenda nayo haijanitoka hadi leo.

Kwenye kiwanja cha ndege cha Mombasa, tulikoanzia safari ya kwenda Nairobi, afisa wa ukaguzi, kijana wa bara, alikitoa kile kifuko mkobani.

"Mama, hii ni dawa?"

"Udongo, mwanangu."

"Wa kupanda maua?"

"Wa kusalia."

Akaunusa, akamtazama mwenzake. "Pole, mama. Siwezi kupitisha kitu nisichokijua." Akautupa kwenye pipa. Mjomba, aliyekuwa na hukumu ya kila jambo kule barazani, alikuwa akivua mshipi wake.

Weupe wa Alfajiri ulipoanza kuonekana dirishani tukiwa angani, Bibi aliinuka kwenda msalani kutawadha. Papo hapo ndege ikaanza kutikisika, na mhudumu akamrudisha kitini na kumfunga mkanda. Bibi akapapasa mgongo wa kiti cha mbele, akatazama viganja vyake. Hapakuwa na vumbi hata chembe. Jua likikaribia kutoka na ndege bado ikitikisika, akamwamsha Mjomba.

"Sali hivyo hivyo, mama. Utairudia."

"Bila udhu, Athmani?"

Mjomba alikuwa ameshafumba macho tena. Bibi akasali akiwa amefungwa mkanda, machozi yakimdondoka kwenye buibui, na mimi sikujua hata kibla kiko upande gani ili nimwonyeshe. Jidda aliirudia. Tuliporudi nyumbani aliirudia tena. Mpaka alipofariki, kila akimaliza Alfajiri alijikokota kusimama upya, magoti yakimuuma, kwa ajili ya ile ya angani.

Siku hizi mimi husafiri kwa ndege kikazi. Simu yangu hunionyesha kibla hata juu ya mawingu, na kwenye makundi ya mtandaoni watu wanabishana yale yale kwa uhakika ule ule. Chuo kikuu nilifunzwa kudai sababu; kwetu, anayedai sababu bado anatumwa jikoni. Juzi nilimkuta Mjomba barazani akinywa kahawa, ndevu zote nyeupe, nikamuuliza tena: ile sala ya kitini ilipokelewa?

"Ilipokelewa, inshallah," akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa saa. "Maskini, angefanya nini zaidi?"

"Basi mbona hukumwambia?"

Akaimalizia kahawa yake, kwenye baraza ile ile ambapo Bibi alimuuliza Mungu ataipokea ipi.

"Hakuniuliza," akasema, akamwita muuza kahawa amwongezee.