Jani Lililofutika

Mjomba wangu ni sonara, na mtaani wanamwita Bwana Muhuri. Jina hilo analipenda, masikini, hajui kwamba anachekwa. Sonara wa kweli alikuwa babu. Babu alifua vichupa vya fedha vya kutilia marashi, na kwenye kitako cha kila kimoja aligonga muhuri wake: jani dogo ndani ya duara. Alipofariki, vichupa vyake vikaanza kutafutwa. Mjomba, ambaye hata kizibo hajui kukikaza kisivuje, akachonga muhuri wa jani kama ule.

Tangu hapo anafua vya kwake, anagonga jani la marehemu, kisha anavifungia koponi na mayai ya kuchemsha ili vipate weusi wa uzee. Wateja wanainama na lenzi zao, wanaliona jani, wanaridhika. Naye, kwa uso mkavu, anawasimulia jinsi mzee alivyohangaika na kichupa hicho. Muongo na mvivu, vyote kwa mpigo!

Mwezi uliopita bibi alizidiwa. Macho yake yalikufa zamani. Alichotaka ni kushika tu kichupa alichotengenezewa na babu walipooana. Mjomba alikuwa amekichukua, eti akakisafishe. Mimi na mama tukamfuata karakanani.

“Kaka, kile cha mama kiko wapi?”

“Kile? Muhuri wake ulishafutika. Nani angeamini ni cha mzee? Nilikiyeyusha, nikapata viwili vizuri.” Akateua kimoja rafuni, akakipangusa kwa shati. “Mpe hiki. Kwani anaona?”

Niliyomwambia mimi hayaandikiki. Mjomba akatucheka, akakipeleka mwenyewe.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kitako. Kidole kikasimama. Akapitisha tena, polepole.

“Mwanangu, jani la baba yako nililimaliza mimi, kwa kidole hiki, kila asubuhi, miaka arobaini. Hili limetoka wapi?”

Mjomba, bingwa wa kusimulia, akatazama viatu vyake.

Bibi akanyoosha mkono kuelekea alikomsikia akihema, akamrudishia kichupa.

“Shika kazi yako,” akasema. “Ugonge jina lako.”