Punje Mia Tisa Tisini na Saba

Ninyi vijana mnaowahi kujibu kabla ya kufikiri, haya someni taratibu. Mimi niliishia darasa la nne, na hasira yangu bado haijapoa.

Mjukuu wangu wa darasa la sita alirudi nyumbani Mkolani analia. Mwalimu alikuwa ameuliza kama 997 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mtoto akaandika ndiyo, akawekewa alama ya kosa. Mwalimu alisema namba kubwa kiasi hicho haikosi cha kuigawa. Mtoto alipobisha, jina lake likafutwa kwenye orodha ya watakaovuka ziwa kwenda Kamanga kwenye mashindano ya hesabu.

Nami, Mungu anisamehe, nikamgombeza kwamba mwalimu habishiwi, nikamtuma akapange samaki wangu, sato, kwenye chanja ya kukaushia.

Sisi wakaushaji wa samaki tunapanga mistari iliyolingana, ili kunguru akichukua mmoja, pengo lionekane mara moja. Alipokuwa anapanga akasema, "Bibi, hata ungekuwa na samaki 997, usingeweza kuwapanga hivi bila mmoja kubaki."

Nikamwambia tuone. Tukahesabu punje 997 za mahindi, tukazipanga mkekani. Mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, ikabaki moja. Nne akairuka; alisema iliyokataa kwa mbili itakataa na kwa nne. Tulipofika thelathini na moja zikabaki tano, naye akasema basi, tumemaliza. Nikamuuliza mbona anakimbia kazi. Akaelekeza kidole kwenye chanja.

"Thelathini na mbili mara thelathini na mbili inapita 997. Ukirefusha mistari zaidi, idadi ya mistari inashuka chini ya thelathini na mbili. Itakuwa chanja ileile tuliyokwisha kuijaribu, umeigeuza ubavu tu."

Chanja nimezigeuza maisha yangu yote. Nilimwelewa.

Kesho yake nikazipeleka punje shuleni kwenye kopo. Mwalimu akaniamkia vizuri, kisha akasema, "Bibi, haya ni ya darasani. Wewe rudi kwa samaki wako."

"Nimetoka huko," nikamjibu. "Zipange. Mistari ilingane, punje isibaki."

Akapanga saba saba, zikabaki tatu. Kumi na tatu, zikabaki tisa. Walimu wenzake wakamtania, wakamuuliza kama anapanda shamba. Alipofika kumi na saba, zikabaki kumi na moja, akaacha. Jina la mtoto likarudishwa. Ila alama ya kosa hakuifuta. Alisema daftari limeshakaguliwa. Mtu mzima, mwenye kalamu mkononi, mstari mmoja tu wa kuifuta unamshinda.

Siku hiyohiyo nikawaita wote wa nyumbani, nikaweka kopo juu ya kabati la vyombo. Nikawaambia punje hizi zisipikwe, wala kuku wasipewe. Mtoto wa nyumba hii asiambiwe amekosea mpaka anayemkatalia azimwage mkekani, azipange kwa mkono wake. Na nikianza kugombeza mimi, nileteeni mkeka.