Samaki wa Wageni

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea usimamizi wa biashara na uendelevu, darasa letu lilipelekwa kuona kiwanda cha kusindika matunda katika Eneo la Viwanda, Thika. Mwalimu wetu, mama mpole ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa amekisifu kiwanda hicho muhula mzima. Kila alipoeleza jinsi biashara inavyoweza kupata faida bila kuharibu mazingira, mfano ulikuwa ni huo huo. Nilianza kukishuku kabla sijakiona.

Tulivalishwa kofia ngumu za njano, kisha afisa wa mazingira akatutembeza. Alituonyesha matangi ya kusafishia maji machafu, moja baada ya jingine, hadi kwenye bwawa dogo la saruji nyuma ya stoo. Ndani mlikuwa na samaki.

"Haya ndiyo maji yaliyotoka kuosha maembe na mananasi," alisema. "Yangekuwa na sumu, hawa wangeishi?"

Wenzangu walitoa simu wakapiga picha. Mimi niliinama. Nililelewa na nyanya yangu upande wa Kakamega, na mjomba alikuwa akifuga ngege, kwa hiyo samaki nimewazoea. Hawa walikuwa wamejazana juu ya maji, midomo nje, wakitafuta hewa. Wengine walikuwa wamebambuka magamba ubavuni, kama waliosuguana ndani ya pipa safarini. Na kuta za bwawa hazikuwa na ule utelezi wa kijani unaoota mahali maji yamekaa.

"Wako humu tangu lini?" nikauliza.

"Tangu zamani."

"Na mnawalisha nini?"

Alimtazama Madam kabla ya kunijibu. "Chakula cha samaki."

Watu wakacheka, tukaondoka.

Ripoti ilitakiwa kuandikwa na wanafunzi wawili wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Ruiru, mwerevu, mcheshi, na nilimwona akichukua namba ya simu ya yule afisa tulipokuwa langoni. Tulikutana mtaani Kimbo, karibu na chumba nilichokodi, tukaagiza chai kwenye kibanda.

"Manze, wewe hushuku kila kitu," aliniambia. "Juzi ulisema mama wa chapati anaongeza unga wa mahindi."

"Na anaongeza."

"Samaki wakihema ni samaki tu. Mimi nataka attachment pale, nijifunze kazi. Usiniharibie."

Kuanzia hapo nikamshuku na yeye. Huenda alikuwa ameshaahidiwa nafasi hiyo, na ripoti yetu ndiyo ingekuwa shukrani yake.

Siku chache baadaye kofia moja ya kiwanda ilipatikana ndani ya basi la chuo. Nikajitolea kuirudisha. Askari wa langoni alinielekeza niipeleke stoo mwenyewe, nami nikapita kando ya bwawa. Lilikuwa na maji kidogo tu, ya rangi ya chai ya rangi, na maganda ya maembe yakielea. Samaki hakuna. Afisa alitokea nyuma yangu.

"Tunasafisha," alisema, nikiwa sijauliza.

"Na samaki?"

"Tumewahamisha."

"Wapi?"

"Kofia umeleta? Asante sana, dada."

Mwenzangu hakutaka jambo hilo liandikwe. Tulibishana hadi tukakubaliana kwa sentensi moja kavu: kwamba katika ziara ya pili bwawa halikuwa na samaki na hatukupata maelezo. Madam aliniita ofisini.

"Una uhakika na unachodai?"

"Sijadai kitu, Madam. Nimeandika nilichoona."

Aliizungusha kalamu vidoleni kwa muda. "Watu hawa hutupokea vizuri kila mwaka," akasema, na kunirudishia ripoti. Alama zilikuwa za wastani. Sikujua kama alinionya au alinieleza tu.

Mwenzangu alipata attachment yake. Hatukuzungumza tena hadi asubuhi moja aliponipigia simu. Baada ya salamu akauliza, kwa sauti ya chini, "Yule mjomba wako wa samaki, anaweza kujua mtu wa hapa karibu anayeuza walio hai? Wakubwa wakubwa hivi."

"Wa nini?"

Nilisikia mashine zikinguruma nyuma yake. "Kuna wageni wanakuja Alhamisi."

Nilitarajia kufurahi. Sikufurahi, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika, na nilikuwa nimemzoea akicheka. Nilimwambia simjui mtu kama huyo.

"Usimwambie Madam," akasema.

Sikumwambia. Lakini muhula uliofuata kiwanda kile hakikutajwa tena darasani, na yeye alirudi chuoni akiketi mbali nami, akinitazama kama mtu niliyemchongea kwa Madam. Nilimfuata hadi kwenye ngazi nikamweleza si mimi. Akasema sawa, bila kusimama. Wakati mwingine mimi hufikiri ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumwona Madam, akashindwa kukiri. Wakati mwingine hufikiri Madam alikuwa akijua muda wote.

Madam alituletea mfano mwingine, shamba la maua. Picha zilikuwa nzuri. Niliandika kila alichosema, na sikuuliza swali.