Udevu wa Mkuu wa Idara

Shangazi yangu havumiliani na uchafu hata kidogo. Miaka kumi na tisa alifagia maabara ya fizikia ya chuo, na hakuna kitu mle ndani ambacho hakijaonja kitambaa chake. Nampenda sana, lakini siku ile, jamani, nilitaka kumnyonga!

Mtunza maabara alikuwa amestaafu, shangazi akaomba nafasi yake. Mkuu wa Idara, mzee mwenye ndevu nyeupe anazozichana kutwa, akamwambia, "Sawa, Mama. Tuonyeshe mistari ya mwanga mbele ya darasa. Ikitokea, funguo zako. Isipotokea, rudi kwenye ufagio." Mimi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nilikaa mbele kabisa, roho mkononi.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Kuna kioo kidogo kilichopakwa masizi, kikachanwa mikwaruzo miwili myembamba iliyokaribiana. Unapitishia hapo mwanga wa leza. Kwa kuwa mwanga ni mawimbi, ukutani huoni madoa mawili. Unaona mistari tele, mwekundu, giza, mwekundu, giza, maana mawimbi yakikutana, mahali pengine yanasaidiana na pengine yanauana.

Shangazi akawasha leza. Ukutani, doa moja. Jekundu, limetukodolea macho.

"Kioo kina nini?" Mkuu akauliza.

Shangazi akakiinua. Kilikuwa kinameremeta!

"Mungu wangu! Jana nimekisugua na spiriti. Nikasema, kioo gani hiki chenye masizi, wageni watatuonaje?"

Darasa likaangua kicheko, watu wakashika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mkuu akaanza kufunga daftari lake.

"Subiri kwanza, Mkuu," shangazi akasema. "Naomba udevu wako mmoja."

"Unasemaje?"

"Udevu tu. Mimi nimenyoa, na huyu mtoto wa kaka yangu nywele zake za dukani."

We! Nilishika rasta zangu, nikacheka mpaka machozi. Mkuu akatutazama sote, akashika ndevu zake, akang'oa mmoja. "Aaah!"

Shangazi akaunyoosha, akaubandika kwa gundi ya karatasi katikati ya mdomo wa leza. Akawasha. Ukuta mzima ukajaa mistari! Tulipiga makofi, wengine wakapanda juu ya viti.

"Mwanga umepita pande zote mbili za udevu, umekutana mbele," akasema, tayari ana rula mkononi. "Giza hadi giza, milimita ishirini. Hadi ukutani, mita nne." Akaandika ubaoni, akakokotoa, midomo ikicheza. "Unene wake milimita sifuri nukta moja tatu. Una ndevu nene, Mkuu."

Mkuu akarudia hesabu ile mara mbili. Hakuipinga.

"Nani kakufundisha haya?"

"Wewe. Mwaka wangu wa nne hapa. Nilikuwa nafuta madirisha, ukawaambia wanafunzi kwamba hata unywele unatosha. Hakuna aliyeandika."

 Mkuu akatoa rundo la funguo mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Shangazi akazipokea, akazigeuzageuza, akakunja uso.

"Hizi nazo!" akasema, akatoa kitambaa chake, akaanza kuzisugua.